Wasomi wa biashara wanavyoingia sekta ya nishati. Somo kwa vijana wa Iguguno

KWA miaka mingi kijana aliyetamani kufanya kazi katika shirika la umeme au kampuni ya mafuta aliambiwa jambo moja tu: soma Fizikia, Kemia na Hisabati, la sivyo sahau. Aliyefika kidato cha sita kwa tahasusi ya Uchumi, Biashara na Uhasibu alihesabiwa kuwa njia yake ni benki, halmashauri au duka la mzazi wake.

Dhana hiyo bado ina nguvu katika miji midogo, na ina gharama. Mzazi anayeuza magunia ya alizeti au vitunguu ili kumsomesha mtoto hufanya uamuzi mzito kwa kutumia habari chache alizonazo. Akiamini kwamba nishati ni ya wahandisi pekee, hufunga mlango ambao kwa hakika uko wazi.

Iguguno ni mahali panapofaa kulitazama suala hili. Mji huu mdogo uko kando ya barabara kuu ya lami itokayo Singida kuelekea Igunga, Nzega na hatimaye Mwanza, katika Wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Ni eneo la wakulima wa alizeti na mtama, wafugaji, na wafanyabiashara wanaoishi kwa kutegemea magari yanayopita.

Katika kipindi cha miaka ishirini iliyopita, miradi mikubwa ya nishati imeuzunguka mji huu pande zote.

Njia ya kusafirisha umeme ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilomita 670, inapita katika ukanda huu. Kituo cha kupozea umeme cha Singida ndicho pia mwanzo wa njia nyingine inayokwenda Babati, Arusha na Namanga, iliyoiunganisha gridi ya Tanzania na ile ya Kenya mwaka 2024.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepangiwa kupita katika mikoa minane ya Tanzania. Singida ni mmojawapo, na Mkalama ni miongoni mwa wilaya zinazoguswa. Aidha, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekuwa likitafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, linalogusa pia upande huu wa mkoa.

Swali ni moja: miradi hiyo inapofika, nani huajiriwa zaidi ya fundi na mhandisi? Na watu hao wametokea wapi?

Kwa nini nishati huhitaji wafanyabiashara

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza kuelewa nishati ni biashara ya namna gani. Mkulima wa alizeti hununua mbegu, hulima, huvuna na kuuza ndani ya msimu mmoja. Mwenye mtambo wa umeme hutumia fedha nyingi mno mwanzoni, kisha hurudishiwa kidogo kidogo kwa miaka 15, 20 au zaidi.

Upepo wa Singida ni mfano ulio karibu. Mtambo wa upepo haununui mafuta, hivyo karibu gharama yake yote hulipwa kabla haujaanza kuzunguka. Mwekezaji hukopa, na benki humuuliza maswali matatu: nani atanunua umeme huo, kwa bei gani, na kwa fedha ya nchi gani? Majibu yake huandikwa katika mkataba wa kuuziana umeme. Bila mkataba unaoaminika, upepo utaendelea kuvuma bure.

Ndivyo ilivyotokea. Vipimo vya zamani vilionyesha kwamba Kititimo, mkoani Singida, ni miongoni mwa maeneo yenye upepo mzuri zaidi nchini, sambamba na Makambako. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 ulitangazwa mradi wa megawati 100 wa kampuni ya Wind East Africa na mwingine wa megawati 50 uliolihusisha Shirika la Maendeleo ya Taifa (NDC). Miaka mingi ikapita katika mazungumzo ya bei, mikopo na dhamana, na mitambo haikusimama. Upepo haukupungua katika miaka hiyo. Kilichokwama ni hesabu za fedha na makubaliano.

Historia ya umeme nchini inafundisha jambo hilohilo kwa uchungu zaidi. Mwaka 1995 Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) lilitia saini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa ajili ya mtambo wa megawati 100 huko Tegeta, Dar es Salaam. Mkataba huo uliitaka TANESCO kulipa kila mwezi fedha za kuweka mitambo tayari, umeme uzalishwe usizalishwe.

Utaratibu huo ni sawa na kupanga chumba: kodi hulipwa, ulale usilale. Si jambo la ajabu katika biashara ya umeme, kwani mwekezaji anahitaji kurudisha mkopo wake. Tatizo huanza pale gharama ya ujenzi inayotumika kukokotoa kodi hiyo inapokuwa kubwa kupita kiasi, au mnunuzi anapotia saini bila kuipima. Mgogoro wa IPTL ulifika katika usuluhishi wa kimataifa, na mtambo ulianza kuzalisha mwaka 2002. Mabaki yake yakazua mjadala wa akaunti ya Tegeta Escrow bungeni mwaka 2014.

Kati ya hapo ilitokea Richmond. Mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 uliosainiwa mwaka 2006 ulichunguzwa na Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na mawaziri Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha nao wakaachia ngazi.

Katika sakata zote mbili, maswali makubwa hayakuwa ya nyaya wala transfoma. Yalikuwa ni uwezo wa kifedha wa kampuni, utaratibu wa zabuni, ukokotoaji wa bei na usomaji wa mikataba. Hayo ni masomo yanayofundishwa katika vyuo vya biashara.

Wanaotoka uhandisini

Kundi la kwanza la wanafunzi wa biashara wanaoelekea kwenye nishati ni wahandisi wenyewe. Huyu ni mtu aliyesoma umeme au mitambo, akafanya kazi miaka kadhaa, kisha akagundua kwamba maamuzi makubwa hufanyika katika chumba ambacho yeye huitwa tu kujibu maswali. Hurudi darasani, mara nyingi kwa masomo ya jioni, kutafuta shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara.

Nguvu yake ni kwamba anaujua mtambo. Udhaifu wake ni mazoea ya kuuliza kama kitu kinawezekana kiufundi, wakati benki inauliza kama kinalipa. Vyuo vya biashara humfundisha kusoma mizania ya hesabu na kupima thamani ya shilingi ya leo dhidi ya shilingi ya miaka kumi ijayo.

Hali haitofautiani sana na ile ya nchi zilizoendelea. Katika miji ya mafuta kama Houston, Marekani, vyuo vya biashara hupokea wahandisi wa visima pamoja na wanajeshi waliostaafu, maofisa wa benki na washauri wa makampuni. Kila mmoja hutafuta kile ambacho kazi yake ya awali haikumpa.

Wanaotoka uhasibu na uchumi

Kundi la pili ni wahasibu na wanauchumi. Hawa ndio wale wa tahasusi ya biashara walioambiwa kwamba nishati haiwahusu, ingawa mifano ya kupinga kauli hiyo iko hadharani.

Dk. Idris Rashidi alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania katika miaka ya 1990 kabla ya kuliongoza TANESCO kuanzia mwaka 2006. Felix Ngamlagosi alikuwa mkurugenzi wa masuala ya uchumi katika Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kabla ya kushika nafasi ya mkurugenzi mkuu mwaka 2014.

EWURA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006, ni darasa zuri la kuonyesha kazi ya mchumi. Kila mwezi hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Bei hiyo huanza na bei ya mafuta katika soko la dunia, huongezwa nauli ya meli na bima, hubadilishwa kuwa shilingi kwa thamani ya fedha ya wakati huo, kisha huongezwa kodi, faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja, na gharama ya kusafirisha hadi mahali husika.

Ndiyo maana lita moja ya dizeli Singida haiwezi kulingana bei na ile ya Dar es Salaam. Mwenye mashine ya kukamua alizeti anayelalamika kwamba muuza mafuta anamwibia anaweza kuwa na haki au asiwe nayo. Anayejua kuusoma mchanganuo huo ndiye atakayejua ukweli.

Wanaotoka ugavi, sheria na ualimu

Kundi la tatu halitajwi sana. Ni watu wa ununuzi na ugavi, sheria, maendeleo ya jamii, na hata walimu waliobadili fani.

Mradi kama wa bomba la mafuta hauanzi na kuchimba mtaro. Huanza na ardhi: nani ni mmiliki, mazao yake yana thamani gani, fidia imelipwa lini na kwa akaunti ya nani. Hufuatia chakula cha wafanyakazi, magari, ulinzi, mafuta na nyumba. Kila kimoja kati ya hivyo ni zabuni, mkataba, ankara na stakabadhi.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 na kanuni za ushiriki wa Watanzania zinazitaka kampuni zitoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za ndani. Hata hivyo, kipaumbele hakimsaidii mfanyabiashara asiyekuwa na hesabu zilizokaguliwa, namba ya mlipakodi, wala uwezo wa kusubiri malipo kwa miezi miwili au mitatu. Mfuga kuku wa Mkalama anaweza kuwa na kuku bora kuliko wote, lakini kambi ya ujenzi hununua kwa mkataba na hulipa kwa ankara. Kijana aliyesoma ugavi ndiye daraja kati ya banda la kuku na kambi hiyo.

Bomba lenyewe limeonyesha pia umuhimu wa wataalamu wa fedha. Jiwe la msingi liliwekwa Tanga Agosti 2017, lakini uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 2022. Benki kadhaa kubwa za Ulaya zilijitenga na mradi huo kwa hoja za mazingira, na sehemu ya kwanza ya mikopo kutoka nje ya wanahisa ilitangazwa Machi 2025 ikihusisha benki za Afrika. Tanzania, kupitia TPDC, ina asilimia 15 ya hisa, sawa na Uganda. Mwenye hisa hupata gawio, lakini pia huchangia mtaji na hubeba hasara. Kuzilinda hisa hizo ni kazi ya wahasibu, wanasheria na wanauchumi.

Wanaotoka mbali kabisa na nishati

Kundi la nne linashangaza zaidi, nalo limeacha alama Afrika Mashariki. Ni wanafunzi wa biashara ambao hawakuwahi kufanya kazi ya nishati hata siku moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kampuni ya Off Grid Electric ilianza mjini Arusha kuuza huduma ya umeme wa jua majumbani. Wawili kati ya waasisi wake, Xavier Helgesen na Erica Mackey, walikutana wakisoma shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Helgesen alikuwa ametokea biashara ya vitabu vilivyotumika. Mackey alikuwa amefanya kazi katika miradi ya afya.

Nchini Kenya, M-KOPA iliyoingia sokoni mwaka 2012 ilianzishwa na Jesse Moore na Chad Larson, waliosoma pia biashara Oxford, pamoja na Nick Hughes aliyeshiriki katika kuanzishwa kwa M-Pesa akiwa Vodafone. Kabla yao, Sam Goldman na Ned Tozun walianzisha kampuni ya taa za jua ya d.light mwaka 2007 wakitokea shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Goldman alikuwa amewahi kuishi kijijini nchini Benin akiwa mfanyakazi wa kujitolea.

Hawa hawakuvumbua paneli ya jua. Walichobadilisha ni namna ya kuilipia. Waliona kwamba kaya isiyoweza kutoa fedha nyingi kwa mkupuo tayari inatumia fedha kila siku kununua mafuta ya taa, betri na kuchaji simu. Wakaigawa bei ya mtambo katika malipo madogo yanayotumwa kwa simu, na kifaa kikajizima pale malipo yanapokoma.

Wazo hilo ni la kibiashara, si la kiufundi. Na kwa kweli si geni kwa mtu aliyekulia dukani katika mji wa barabarani kama Iguguno, anayejua kwamba wateja wengi hununua mafuta ya kula kwa kipimo, si kwa dumu.

Njia iliyo karibu

Kwa kijana wa Mkalama, elimu hiyo haiko mbali kama inavyodhaniwa. Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) ina kampasi mjini Singida inayofundisha uhasibu, ununuzi na ugavi na fani nyingine za biashara. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha biashara na uchumi, na vilevile fani za mafuta na gesi. Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanza mwaka 1965, nacho kina kampasi Dodoma.

Dar es Salaam kuna Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopata hadhi hiyo mwaka 2008 baada ya kuwa kitivo tangu mwaka 1979. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwakopesha wanaokidhi vigezo.

Cheti cha chuo peke yake, hata hivyo, hakitoshi. Mhasibu anayetaka kuaminiwa na kampuni kubwa hulazimika kufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Mtu wa ugavi hutakiwa kusajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB). Mikataba mingi ya nishati huandikwa kwa Kiingereza kigumu cha kisheria, na anayesoma kwa kukariri hukwama hapo.

Hisabati nayo haikwepeki. Aliyekimbilia biashara kwa kuichukia Hisabati atakutana nayo tena katika riba, viwango vya kubadilisha fedha na makadirio ya mahitaji ya umeme.

Tahadhari nyingine inahusu muda. Ujenzi wa bomba au njia ya umeme huajiri watu wengi kwa miaka michache, kisha kambi hufungwa na uendeshaji hubaki na watu wachache wenye ujuzi maalumu. Kijana anayeanza chuo leo kwa kuufuata mradi mmoja anaweza kuhitimu wakati mashine zimekwishaondoka.

Kwa sababu hiyo, busara ni kusoma ujuzi unaohama. Anayejua kusoma mkataba wa umeme anaweza kusoma mkataba wa mgodi au wa barabara. Anayejua kupanga bei ya umeme wa jua anaweza kupanga bei ya pampu ya umwagiliaji.

Kazi zinazobaki baada ya wajenzi kuondoka ni zile za karibu zaidi na wananchi. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007, nyaya zimefika vijiji vingi ambako ada ya kuunganishiwa umeme imewekwa kuwa Sh 27,000. Nguzo ikishasimama huanza swali la biashara: umeme huu utamzalishia nini mwenye nyumba?

Mwenye mashine ya alizeti anayetumia dizeli anahitaji mtu wa kumfanyia hesabu kabla hajanunua mota ya umeme. Inahitajika kujua mota inagharimu kiasi gani, itakamua magunia mangapi kwa msimu, na iwapo umeme utakatika wakati wa mavuno hasara itakuwa ipi. Hesabu hiyo ikikosewa, mkopo humtia umaskini. Ikipatikana sawasawa, mafuta na mashudu huuzwa kutoka Mkalama badala ya mbegu ghafi kusafirishwa zikakamuliwe kwingine.

Ikumbukwe pia kwamba soko la umeme linapanuka. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, wakati ambapo bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilikuwa linakamilishwa. Wengi walishangaa nchi yenye umeme mwingi kununua wa jirani. Jibu lililotolewa lilihusu umbali na umeme unaopotea njiani. Kupima kama jibu hilo lina faida au hasara kunahitaji watu wanaoweza kulinganisha bei ya kununua mpakani na gharama ya kuusafirisha umeme wa Rufiji hadi Arusha.

Wazazi na walimu wa Iguguno wanayo nafasi ya kuliweka wazi jambo hili kabla mtoto hajachagua masomo. Nguzo zinapita, bomba linapita, na siku moja huenda hata mitambo ya upepo itasimama. Taifa litahitaji wa kufunga nyaya, na litahitaji vilevile wa kuzisoma ankara zake. Mali bila daftari, wahenga walisema, huisha bila habari.